Mafuta Hayana Tele

Juzi mjukuu wangu alikuwa jikoni kwangu hapa Mbeya na kitabu cha mapishi alichoazima shuleni kwao. Kitabu kinasema mafuta nusu kilo. Yeye akachukua chupa ya nusu lita, akaanza kuyamimina yote kwenye unga. Nikamwambia acha. Akaniuliza, "Kwani bibi, si kitu kimoja?" Nikapandwa na hasira, na mtoto maskini akabaki kunikodolea macho. Hakuwa na kosa. Hasira ile haikuwa yake. Ilikuwa ya watu wawili wa Iringa, wa miaka ya hamsini. Mmoja nasikia ameshakufa, mwingine alirudi kwao Ulaya zamani, na mimi bado nawaka.

Nilikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji. Shule siitaji, maana waliokuja baadaye hawahusiki. Nilitoka Mbeya na binti yangu mmoja, baba yake alikwenda kwenye migodi ya kusini na hakurudi wala hakuandika. Kazi ile niliikubali kwa jambo moja tu: mtoto wa mpishi alipokewa kusoma. Kuni mbichi, moshi, masufuria yanayohitaji watu wawili kuyaepua, baridi ya alfajiri inayoingia mpaka kwenye mifupa, yote niliyavumilia kwa sababu kila asubuhi nilimwona mwanangu akipita dirishani na sare yake, vitabu kifuani.

Karani wa stoo alikuwa mtu wa mjini, ukoo wake ulitoka pwani na biashara tangu enzi za babu yake. Alikuwa mtu nadhifu, kofia nyeupe, kalamu mfukoni, na Kiswahili kilichonyooka. Kiswahili hicho ndicho kilichonitesa. Mimi ni Msafwa, Kiswahili nilijifunzia sokoni, na kila nilipofungua mdomo alinisahihisha kwanza ndipo anijibu. Nikisema, "Bwana Karani, maharage imekwisha," yeye hujibu, "Yamekwisha, Mama Mpishi. Yamekwisha." Halafu anasimama kungoja nirudie. Siku nyingine nilirudia, maana wasichana tisini walikuwa wanasubiri chakula.

Kipimo chetu kilikuwa pishi. Pishi ya pale ilikuwa chombo cha bati, kipana na kifupi, ambacho karani alikitundika ukutani stoo na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Ukipima nafaka unapima kwa tele: unajaza mpaka ukingoni, kisha unaendelea kumwaga mpaka inasimama kilima juu yake na punje zinaanza kuporomoka pembeni. Muuzaji akikupimia mfuto, yaani akapitisha kijiti juu na kusawazisha, ujue hakutakii mema. Nimeona wanawake wakivuliana vilemba sokoni kwa ajili ya mfuto. Na kila mtu alijua kwamba pishi moja ya tele, ya maharage au ya mchele, ni ratili sita. Ratili ndiyo ile Wazungu waliyoiita paundi. Hata watoto waliimbishwa darasani: pishi moja, ratili sita.

Mafuta nayo tulipimiana kwa pishi hiyo hiyo. Debe moja ni pishi nane. Karani ananipa debe, mimi nachota kwa jicho na mkono, mboga inakaangwa, watoto wanakula, maisha yanaendelea. Hakuna aliyeuliza debe la mafuta lina ratili ngapi. Ya nini?

Kisha akaja Mwalimu Mkuu mpya, mama wa Kizungu mrefu, mwenye haraka. Sisemi alikuwa mbaya. Alikuja na mizani ya shaba yenye mawe yake, makubwa mpaka madogo ya ukubwa wa kifungo, akaiweka kwenye meza yangu ya jikoni. Alikuwa na kitabu kilichosema kila mtoto ale uzito gani wa kila kitu. Mafuta, akasema, ni ratili mbili kwa siku kwa shule nzima. Yapimwe kila asubuhi, si kwa jicho. Nikasema sawa, Memsabu. Wala sikuchukia. Mizani niliipenda kwa kweli, maana haina upendeleo.

Akamgeukia karani akamuuliza, debe moja ni ratili ngapi? Karani hakufikiri hata punde. Debe ni pishi nane, akasema, pishi ni ratili sita, kwa hiyo arobaini na nane. Mwalimu Mkuu akaandika. Ratili mbili kwa siku, debe lidumu siku ishirini na nne. Vizuri sana, akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Nikasema, "Lakini Bwana Karani, mafuta haina tele."

"Hayana," akasema. "Mafuta hayana."

"Haya. Hayana tele. Hiyo ratili sita ni ya maharage, ya kilima. Mafuta itasimama kilima namna gani?"

"Yatasimama," akasema. Akacheka, akamwambia Mwalimu Mkuu kitu kwa Kiingereza, naye akatabasamu. Nikajua wanacheka Kiswahili changu. Nilichosema hakikumfikia mtu yeyote.

Tena si tele peke yake. Mimi nimekua nikibeba madebe. Mama yangu aliuza asali iliyotoka upande wa Chunya, na mafuta ya karanga, na maji tuliyachota wenyewe bondeni. Debe ni lile lile, ujazo ni ule ule, lakini shingo inatofautisha. Debe la asali linakuzamisha, unafika nyumbani huwezi hata kusalimia watu. La maji ni zito, unalizoea. La mafuta unatembea nalo na kupiga soga njia nzima. Mtu aliyewahi kubeba hayo matatu haambiwi kwamba ujazo mmoja ni uzito mmoja. Lakini Bwana Karani hajawahi kubeba debe maishani mwake. Alikuwa na watu wa kumbebea, na hesabu yake aliipata kwenye wimbo.

Debe la kwanza likaisha siku ya kumi na nane. Nilikuwa nimepima kila asubuhi ratili mbili kamili, nikitoa kwanza uzito wa bakuli tupu kama nilivyoelekezwa. Nikaenda stoo nikasema mafuta yamekwisha. Nilisema yamekwisha, sikukosea. Karani akatazama karatasi yake. "Bado siku sita, Mama Mpishi." Nikamwambia debe ni tupu, njoo uone. Akasema debe tupu haliwezi kumwonyesha mafuta yalikokwenda.

Siku sita watoto wakala maharage makavu, ya maji na chumvi. La pili likaja, likaisha siku ya kumi na nane. La tatu hivyo hivyo. Hebu fikiria: mwizi gani anaiba kwa usahihi namna hiyo? Mwizi huiba leo sana, kesho kidogo, siku nyingine anaogopa anaacha. Madebe matatu yakaisha siku ile ile moja, na watu wawili waliosoma hawakuona kitu cha kujiuliza. Waliona mpishi.

Wakaja kupekua chumba changu saa nne asubuhi, sufuria ikiwa jikoni na wasichana wakiwa mapumziko uwanjani, yaani mbele ya shule nzima. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni. Karani akaingia, na nitasema ukweli, aliona haya, alishika vitu vyangu kwa ncha za vidole. Alitikisa godoro. Alifungua sanduku langu akakuta kanga mbili, barua za watu wa nyumbani, na chupa ndogo ya mafuta ya mbarika ninayopaka nywele. Akaifungua akanusa. Akampa Mwalimu Mkuu naye akanusa. Mafuta ya mbarika yananuka mbarika, hata kipofu anayajua, lakini walinusa mara mbili mbili, mmoja baada ya mwingine, huku mimi nimesimama na unga mikononi.

"Wewe hapana ogopa," Mwalimu Mkuu akaniambia. "Wewe sema tu, wapi mafuta."

Nikasema, "Memsabu, mafuta imeliwa. Watoto wako imekula."

Safari hiyo karani hakunisahihisha.

Mwalimu Mkuu akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Mafuta yasipoonekana, niondoke, na mtoto wangu aondoke nami, kwa kuwa alikuwa pale kwa ajili ya kazi yangu. Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko kelele.

Jioni hiyo wasichana walikuwa wameshapata wimbo. Mpishi kala pishi. Unaona jinsi maneno yalivyojipanga yenyewe, pishi na mpishi, hayakuhitaji hata fundi. Waliuimba wakipanga mstari na sahani, wakaupigia makofi, na niliposhika upawa kuwapakulia wakanyamaza wote pamoja na kuangalia chini. Kunyamaza kule ndiko kulikochoma. Wale niliowapikia uji wa pekee walipougua, wale niliowafichia ukoko wa wali kwa sababu wanaupenda, wote macho chini.

Mwanangu alikuwa kwenye mstari. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Hakuimba, lakini hakunyanyua macho vilevile. Kesho yake akaja mlango wa nyuma wa jikoni, akasimama karibu na kuni, akaniuliza kwa lugha yetu ya nyumbani ili wengine wasielewe: Mama, uliyachukua?

Nikamwambia hapana.

Akasema, basi yako wapi?

Ningemwambia nini mtoto wa darasa la sita? Kwamba hayakuwahi kuwapo? Kwamba ratili kumi na kitu za kila debe zilizaliwa kwenye karatasi ya Bwana Karani na zikafia huko huko? Nilimwambia hivyo, kwa maneno ya kwetu. Akanisikiliza, akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikiwa mtu mzima anayeongopa. Akaenda darasani. Nilikaa juu ya gogo la kuni, na kwa mara ya kwanza tangu baba yake aondoke, nililia kwa sauti. Kazi ningepata nyingine. Wenye hoteli wa Kihindi mjini walishaniuliza mara mbili. Lakini mtoto angeondoka Iringa akiamini mama yake ni mwizi, na ningemlea hivyo, ningezeeka naye hivyo.

Nikafuta machozi. Nikaivuta ile mizani mezani, nikaweka mawe yake kwenye mfuko wa aproni, nikajitwisha mizani kichwani nikatoka. Ilikuwa mchana, wasichana wanatoka madarasani. Nikakatisha uwanja mzima, shaba ikiwaka jua, mawe yakigongana tumboni kwangu kila hatua. Mtu akaanza ule wimbo, akaacha katikati. Nikapita mlango wa stoo, nikaitua mizani juu ya meza ya karani, juu ya karatasi zake.

"Lete pishi," nikamwambia.

"Mama Mpishi, hapa ni—"

"Lete pishi, au nakwenda mjini kukaa nje ya nyumba yenu, namwambia kila anayepita ulivyonusa mafuta yangu ya nywele."

Akaileta. Akamtuma mtu kumwita Mwalimu Mkuu pia, nadhani alitaka shahidi wa wazimu wangu. Nami nilitaka aje. Alipofika nikaweka pishi tupu kwenye mizani, nikasawazisha kwa mawe, nikahakikisha wote wawili wameona. Kisha nikafungua gunia la maharage, nikajaza, nikaongeza, nikaongeza, mpaka kilima kikasimama na punje zikaanza kudondoka sakafuni. Nikamwambia karani asome yeye. Ratili sita, kasoro kidogo sana.

"Si nilisema?" akasema. Akapumua.

Nikachukua rula yake, nikaipitisha juu ya pishi. Kilima chote kikaanguka. Mfuto. "Soma tena." Ratili nne. Mwalimu Mkuu akasogea karibu.

Nikamwaga maharage, nikafuta pishi kwa kanga, nikafungua debe jipya la mafuta lililokuwa pale stoo, ambalo mkono wangu haujaligusa. Nikamimina taratibu mpaka ukingoni. Nikaongeza tone. Nikaongeza jingine. Yakamwagika juu ya meza, yakatambaa kwenye karatasi zake, yakachuruzika mpaka kwenye viatu vyake. Sikuomba radhi.

"Sasa yasimamishe kilima," nikamwambia. "Wewe mwenye Kiswahili. Yasimamishe."

Akasoma mizani. Ratili nne na nusu na ushei. Mwalimu Mkuu akamsogeza pembeni, akasoma mwenyewe, akatoa pishi, akairudisha, akasoma tena. Akataka na maji. Nikampa maji: ratili tano kamili. Aliyatazama yale maji muda mrefu. Halafu akachukua kalamu kwenye mfuko wa karani, akapiga hesabu yake ukingoni mwa karatasi iliyolowa. Pishi nane, ratili thelathini na saba hivi. Kwa mbili mbili, siku kumi na nane na kitu. Shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni.

Karani hakuwa mwizi, na hapa simsingizii kama alivyonisingizia mimi. Angekuwa mwizi ningemwelewa, maana mwizi anataka kitu. Yeye hakutaka chochote. Aliambiwa pishi ni ratili sita alipokuwa mdogo, akaitia kichwani, akafunga mlango. Mtu mwenye mwiko hawezi kumfundisha mtu mwenye kalamu, ndivyo alivyoona, hasa mtu huyo akisema mafuta haina badala ya hayana. Hayana, sawa. Nimeshajifunza. Naye je, alijifunza nini?

Wakaongea wao kwa wao kwa Kiingereza. Kisha Mwalimu Mkuu akaenda kwenye rafu, akachukua chupa tupu, akaijaza mafuta kwa mkono wake mwenyewe, akaifunga kwa gazeti akanipa. Karani akatafsiri: Memsabu anasema hesabu imerekebishwa, kazi yako ipo, na hii ni zawadi yako.

Niliishika ile chupa. Ilikuwa bado inateleza. Nikamwambia karani: "Mwambie hivi. Mlinipekua mchana mbele ya watoto mkitafuta mafuta. Leo nitoke humu na chupa ya mafuta mkononi, nipite mbele ya watoto hao hao, wataona nini? Mwambie sitaki mafuta yake. Namtaka mwanangu, hapa, aambiwe."

Maneno yote hayo. Karani akamgeukia akasema maneno mawili, matatu, na katika hayo moja nililifahamu, maana walimu walilisema kila walipopokea chai: thenk yu. Aliniweka asante mdomoni. Mwalimu Mkuu akatabasamu, akanyoosha mkono anipe wa heri.

Nikaiweka chupa kwenye mizani, kwa kishindo, upande mmoja ukashuka. Nikasema, "No." Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni, lakini hilo nililisikia kutoka kwake mwenyewe kila siku ya Mungu, na nililitamka vizuri. Nikamwonyesha mlango, nikaonyesha uwanja, nikapima kwa mkono urefu wa mwanangu. "Toto yangu. Ita. Sema." Nilisema Kiswahili chao cha bwana na boi ili nisipitie tena kinywani mwa mtu.

Alielewa. Namshukuru kwa hilo peke yake.

Mwanangu akaletwa, ameshika vitabu kifuani, ameogopa, anaangalia mafuta sakafuni. Nadhani alifikiri yamepatikana. Mwalimu Mkuu akainama kidogo, akamwambia polepole, "Mama yako hapana iba. Sisi kosa. Mama yako hapana iba hata kidogo." Nikamtazama usoni mwanangu, na nikaona mabega yake yakishuka na kitu kikimwachia, palepale, kwa maneno machache ya Kiswahili kibovu ya mgeni.

"Ndiyo, Memsabu," akasema. "Najua."

Hakuwa akijua. Mimi nilikuwa nimemwambia maneno hayo hayo, kwa lugha ya nyumbani kwetu, nikiwa nimekaa juu ya kuni, na hakuyaamini. Ilibidi aambiwe na wao. Pishi, ratili, upekuzi, wimbo, yote hayo nimeyaachia miaka yakapoa. Hilo moja halijapoa.